Mwaka kwa Inchi

Hapa Machynlleth mvua haibishi hodi.
Huingia kiwandani kwa mlango wa nyuma,
ikakaa juu ya magogo kama mdai.

Nimejifunza kuyajua magogo kwa pua.
Msonobari ni utomvu, ni dawa ya kifua;
huo twaupasua kwa kenchi na fremu za milango.
Mwaloni una ukali wa siki,
na ukikutana na chuma penye maji
huacha wino mweusi vidoleni.
Wiki ya kwanza nilidhani nimeugua.
Boriti zake hubeba paa la kanisa karne nne,
ila haupendi kuharakishwa.
Mwaka kwa inchi, husema Gethin:
inchi moja ya unene, mwaka mmoja wa upepo.
Nami huzipanga, ubao, kijiti, ubao, kijiti,
hewa ipite katikati kama mgeni mwenye adabu.

Na huu hapa, wa gome la kijivu,
kwetu hauna jina. Eshi, wanasema.
Mimi naita mti wa mpini.
Jembe, sululu, nyundo, vyote huja kuuomba mkono;
na shoka lisilo mpini, tunajua, halichanji kuni.

Lakini unakufa. Kuvu limeingia bondeni,
vilele hunyonyoka kwanza, kama nywele za mgonjwa.
Februari tuliuangusha ule wa Bi Eluned,
nyuma ya zizi. Pete themanini na tatu,
nilizihesabu mara mbili kwa ncha ya penseli.
Alisimama na mwavuli wake akanionyesha
pete moja nyembamba kama uzi:
"Hicho ni kiangazi cha sabini na sita.
Tuliosha vyombo kwa maji ya kuogea."

Gethin akavua kofia. Alidhani jeneza.
"Jeneza la msonobari litanitosha,
halina kazi ndefu. Nataka kiti cha kubembea."
Nikapiga hesabu kwa sauti: inchi mbili, miaka miwili.
"Nina themanini na minane," akasema. "Hebu hesabu tena."

Tanuri lingeukausha kwa wiki chache,
ila ubao wa tanuri ukiukunja, unakatika.
Ndipo nilipomkumbuka samaki, yule wa methali,
anayekunjwa angali mbichi,
nikacheka peke yangu, wakanitazama.

Tuliacha msumeno, tukashika kabari.
Gogo likafunguka kwa kufuata nyuzi zake.
Tukachonga kwa kisu cha mikono miwili,
maranda marefu yakijisokota miguuni.
Kisha sanduku la mvuke, na hapo sheria ni nyingine:
saa kwa inchi.
Ukitoka, una nusu dakika, glavu mkononi,
kuubana kwenye kalibu
kabla haujakumbuka unyoofu wake.
Wa kwanza ulipasuka.
Wa pili pia; Gethin alitukana kwa Kiwelisi.
Wa tatu ulilalamika kidogo, ukakubali.

(Nilipokuja kuomba kazi nilikuwa na miaka arobaini na tisa.
Mke wake aliniuliza kama mgongo wangu bado unapinda.)

Unga wa mbao aliuchukua mwenye farasi.
Magome yalikwenda bustanini, vipande motoni:
mti huu huwaka hata ukiwa na maji ndani.
Kimoja nilikificha. Sasa ni mpini wa nyundo yangu.

Aprili tulikipeleka kiti.
Alikaa, akajisukuma kwa kidole cha mguu.
Kikalia, kwii, kwii, kila kikirudi nyuma.
"Bado kinakauka," nikamwambia, nikiona haya.
"Kitalia mwaka mzima."
"Vizuri," akasema. "Tutalia pamoja."

Mbao zilizobaki ziko nyuma, chini ya bati,
vijiti katikati.
Nimeandika tarehe kwa chaki.
Mvua inaifuta, naandika tena.